Sataranji: Cheza Mchezo, Usilinde Namba

Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya mchezo wa sataranji, kwa kuwa chama chetu sasa kina wanafunzi wengi kuliko wakati wo wote tangu nilipokabidhiwa kukiangalia. Nimekubali kwa furaha. Lakini sitaandika juu ya namna ya kufungua mchezo, wala juu ya mitego ya kumfunga mfalme kwa hatua nne. Hayo vitabu vyayaeleza vizuri. Nataka kueleza ugonjwa mmoja unaowapata wachezaji vijana, na dawa yake. Ugonjwa huo ni kulinda namba.

Namba yenyewe ni nini?

Mchezaji anayeshiriki mashindano yanayotambuliwa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, lile liitwalo FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, hupewa namba ya kuonyesha nguvu zake. Namba hiyo hapa shuleni twaiita kiwango. Aliyebuni hesabu yake ni Arpad Elo, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1903, akahamia Marekani na kufundisha fizikia katika chuo kikuu mjini Milwaukee. Chama cha Sataranji cha Marekani kilianza kuitumia hesabu hiyo mwaka 1960, na Shirikisho la Dunia mwaka 1970.

Elo mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, bingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane, naye alijua udhaifu wa kipimo chake. Aliifananisha kazi ya kumpima mchezaji na kazi ya kupima mahali kilipo kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, tena kwa kijiti kilichofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Basi ikiwa mwenye kipimo alisema hivyo, sisi ni nani hata tuiabudu namba?

Tazama jambo lililotokea tarehe 1 Machi 2024. Siku hiyo Shirikisho la Dunia liliwaongezea alama wachezaji wote waliokuwa chini ya 2000, kwa sababu viwango vya chini vilikuwa vimeshuka kupita nguvu halisi za wenyewe. Kila mmoja aliongezewa sehemu nne katika kumi za tofauti kati ya kiwango chake na 2000. Aliyelala akiwa na 1500 aliamka akiwa na 1700, na wala hakusogeza hata askari mmoja. Je, aliamka akijua kucheza zaidi? La. Mtu alikuwa yule yule, na makosa yake yale yale.

Hesabu yake

Wanafunzi wengi huogopa kiwango kwa kuwa hawaijui hesabu yake. Na tuifanye hapa, kwani haizidi hesabu za Kidato cha Kwanza.

Katika sataranji ushindi ni pointi moja, sare ni nusu, na kushindwa ni sifuri. Tuseme kijana mwenye kiwango cha 1500 anacheza na mtu mwenye 1700. Kwa hesabu ya Elo, tofauti ya 200 maana yake ni kwamba yule mdogo hutazamiwa kupata pointi 24 hivi katika michezo 100, na mkubwa pointi 76. Kwa mchezo mmoja, basi, kijana anatazamiwa kupata pointi 0.24. Mchezo ukiisha, twatoa alichotazamiwa katika alichopata, kisha twazidisha kwa 40. Hiyo 40 ndiyo namba ya vijana mpaka mwisho wa mwaka wanapotimiza miaka 18, maadamu hawajafika kiwango cha 2300.

Akishinda: 1 kutoa 0.24 ni 0.76, mara 40 ni alama 30.4 za kuongezwa.
Akitoka sare: 0.5 kutoa 0.24 ni 0.26, mara 40 ni alama 10.4 za kuongezwa.
Akishindwa: 0 kutoa 0.24, mara 40 ni alama 9.6 za kupunguzwa.

Sasa mtazame kijana huyo huyo akicheza na mtu wa 1300. Hesabu yageuka. Akishinda apata 9.6 tu, akitoka sare apoteza 10.4, akishindwa apoteza 30.4. Hivyo anayejificha kati ya wadogo ili asishuke amejiweka mahali ambapo ajali moja yamla faida ya ushindi mara tatu.

Msije mkafikiri kwamba nawaambia mkimbilie wakubwa ili mchume alama. Fanyeni hesabu mpaka mwisho. Yule wa 1500 akicheza michezo 100 na watu wa 1700, tuseme hakuna sare na namba haibadiliki katikati, atashinda 24 na kushindwa 76. Mara 24 kwa 30.4 ni 729.6. Mara 76 kwa 9.6 ni 729.6 vile vile. Kilichoingia kimetoka. Hesabu hii haimlipi shujaa, wala haimlipi mwoga. Humlipa yule tu ambaye nguvu zake zimezidi namba yake. Kwa hiyo swali la kijana lisiwe, "Nitailindaje namba?" Liwe, "Nitapataje nguvu?" Na nguvu hupatikana mezani, mbele ya mtu anayekutoa jasho.

Tena angalieni kwa nini vijana wamewekewa 40, ilhali mtu mzima wa kiwango cha kawaida huzidishiwa 20, na mabingwa waliokwisha kufika 2400 huzidishiwa 10. Waliotunga kanuni walijua kwamba kijana hukua. Walitaka namba yake iende mbio imfuate anakokwenda. Kijana anayeishikilia isisogee apingana na kanuni iliyotungwa kwa faida yake.

Woga unavyomharibu mchezaji

Katika chama chetu yupo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, nami simtaji jina, ingawa ameniruhusu kueleza habari zake. Kiwango chake ni 1712. Nusu ya karo yake hulipwa na mfuko wa wanafunzi wa zamani, kwa sharti kwamba kiwango kisishuke chini ya 1700. Tangu alipopewa msaada huo hakuenda tena kwenye mashindano ya kuhesabiwa. Mara ana jaribio la kemia, mara kichwa chamwuma. Jioni katika ukumbi hucheza na wale wa Kidato cha Kwanza ambao bado wasahau njia ya farasi.

Nikamwita, nikamwuliza sababu. Akanijibu kwa adabu, "Bwana Mwalimu, nikishindwa na mtu wa sawa nami, mara moja tu, napungua alama 20. Nitakuwa 1692. Mama hawezi kulipa ile nusu nyingine."

Alisema kweli, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kijana huyo si mvivu, wala si mwoga kwa tabia. Sisi watu wazima tumempa sababu ya kuogopa, naye akatii.

Matokeo yalionekana katika shindano letu la ndani muhula uliopita. Shindano hilo halihesabiwi na Shirikisho, na hakuna alama inayopotea. Alipangwa kucheza michezo mitatu na mvulana wa Kidato cha Pili mwenye kiwango cha 1480, ambaye mwaka mzima alikwenda kila mashindano yaliyotufikia, na mara nyingi alirudi ameshindwa. Mchezo wa kwanza mdogo alishinda. Wa pili mkubwa alikuwa na askari mmoja zaidi na nafasi nzuri, lakini katika hatua ya 18 akamwomba mwenzake sare. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, akasema, "Mazoea, Bwana." Wa tatu mdogo alishinda tena.

Hapo mwaona ubaya wa jambo hili. Woga ulianzia penye namba, lakini haukubaki huko. Ulimfuata hata mahali pasipo na namba. Mtu aliyejizoeza mwaka mzima kutafuta mlango wa kutokea hawezi siku moja kukaa mezani akatafuta ushindi.

Mifano ya wengine

Judit Polgar alizaliwa Budapest mwaka 1976. Mwezi wa Januari 1989, akiwa na miaka 12 tu, alikuwa na kiwango cha 2555, cha juu kuliko mwanamke mwingine ye yote duniani. Kama angetaka kulinda nafasi hiyo, angebaki katika mashindano ya wanawake na kukusanya vikombe. Lakini yeye alichagua kucheza na wanaume, kati ya watu wenye nguvu kuliko yeye. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 15 na miezi 4, akapata cheo cha juu cha sataranji, akiivunja rekodi ya Bobby Fischer ya mwaka 1958. Mwaka 2002 alimshinda Garry Kasparov katika mchezo wa haraka mjini Moscow, na mwaka 2005 alikuwa mchezaji wa nane duniani kwa kiwango cha 2735.

Gukesh Dommaraju wa Chennai, India, alikuwa na miaka 17 alipocheza Toronto, Aprili 2024, katika shindano la watu wanane la kumtafuta wa kumkabili bingwa wa dunia. Katika mzunguko wa saba alishindwa na Alireza Firouzja kwa namna ya kuumiza. Zilibaki raundi saba. Hakuanza kutafuta sare za kujificha. Alishika kazi yake, akamaliza wa kwanza kwa pointi 9 katika 14. Miezi ya Novemba na Desemba mwaka huo alikutana na bingwa Ding Liren wa China mjini Singapore. Kabla ya mchezo wa 14, ulio wa mwisho, walikuwa sawa kwa pointi. Katika mchezo huo Gukesh alibaki na ngome, askofu na askari wawili, na Ding ngome, askofu na askari mmoja. Wajuzi waliona ni sare. Gukesh aliendelea kucheza. Katika hatua ya 55 Ding alikosea, na katika hatua ya 58 akakubali kushindwa. Gukesh akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18.

Mfano wa tatu ni wa karibu nasi. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa mtaa wa Katwe, Kampala, akiwapa na uji. Mmoja wa watoto hao alikuwa Phiona Mutesi. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, akashindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Angeweza kusema kwamba mchezo ule si wa watu kama yeye. Lakini mwaka 2012 alikwenda tena Olimpiadi, huko Istanbul, akarudi na cheo cha Shirikisho la Dunia, yeye na mwenzake Ivy Amoko. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mazoezi tunayoyafanya

Sasa niwaeleze dawa tunayoitumia katika chama, ili na shule nyingine waweze kuijaribu.

Kwanza, tunayo ngazi ya majina ubaoni. Kila mwanafunzi anaruhusiwa kumwalika aliye mbele yake kwa nafasi moja au mbili. Aliyealikwa lazima acheze katika muda wa majuma mawili; akikataa bila ugonjwa, hupoteza nafasi yake. Timu ya shule huchaguliwa kutoka ngazi hiyo, si kutoka orodha ya viwango. Wazee wetu waliocheza omweso hawakuwa na orodha. Mtu alijulikana kwa wale aliothubutu kukaa nao.

Pili, nawapangia wapinzani kwa mafungu matatu: fungu moja wenye nguvu zaidi, fungu moja walio sawa, na fungu moja walio chini. Kijana akikutana na wakubwa peke yao huvunjika moyo. Akikutana na wadogo peke yao hulala. Anapocheza na mdogo ana kazi ya kujifunza kumaliza ushindi bila uzembe, jambo ambalo wengi hawalijui.

Tatu, sare haiombwi. Kanuni hii si yangu. Katika mashindano makubwa ya Sofia, Bulgaria, mwaka 2005, wachezaji hawakuruhusiwa kukubaliana sare wao kwa wao. Walipaswa kumwuliza mwamuzi. Nasi twafanya hivyo. Siichukii sare. Sare iliyopatikana kwa kujitetea saa tatu katika hali mbaya ni heshima. Ninayoikataa ni ile ya hatua ya 18 yenye askari wa ziada.

Nne, twacheza miisho ya mchezo mara nyingi. Huweka ubaoni mfalme na askari mmoja wa upande mweupe, na mfalme peke yake wa upande mweusi, na wanafunzi wawili hucheza pande zote mbili kwa zamu. Hujifunza kwamba ikiwa mfalme mweupe ameingia safu ya sita mbele ya askari wake, hushinda hata zamu iwe ya nani, isipokuwa askari yule awe wa ukingoni kabisa. Anayejua hayo haogopi kubadilishana vipande na kuendelea. Wengi huomba sare kwa sababu hawajui mwisho wa mchezo, nao huuita ujinga huo busara.

Tano, kila mmoja ana daftari. Mchezo ulioshindwa ndio unaochambuliwa kwanza, tena pamoja na aliyekushinda. Kompyuta haifunguliwi mpaka wenyewe wameandika mawazo yao. Mwalimu wa Gukesh, Vishnu Prasanna, alimzuia asitumie programu za kuchambua mpaka alipokwisha kuwa mchezaji mkubwa, apate kuzoea kufikiri peke yake. Katika daftari huandika majibu ya maswali matatu: Mpinzani alitaka nini? Hatua ipi niliiamini lakini sikuicheza? Nilianza kuogopa wapi? Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa, na mwanzoni hakuna anayependa kulijibu.

Yule mvulana wa 1480 ameandika katika daftari lake michezo 41 ya mwaka jana, na 23 kati yake alishindwa. Ukisoma kurasa za Februari kisha za Oktoba, utadhani ni watu wawili. Kiwango chake hakijamfikia bado, maana mashindano ya kuhesabiwa hapa kwetu ni machache. Kitafika chenyewe.

Ombi kwa wanafunzi wa zamani

Ndugu zetu wa zamani mnaosoma gazeti hili, neno hili ni lenu. Mfuko wenu umewasaidia vijana wengi, na sisi walimu twashukuru kwa moyo mweupe. Sharti la kiwango liliwekwa kwa nia njema, ili msaada uende kwa mwenye juhudi. Lakini mmeona limefanya nini. Limemlipa kijana asicheze.

Naomba, kabla karo ya Januari haijapangwa, kamati yenu ibadili sharti hilo. Mahali pa kiwango wekeni mambo matatu yanayoonekana kwa macho: kwamba mwanafunzi amecheza michezo isiyopungua 20 ya kuhesabiwa katika mwaka, kwamba analo daftari lenye michezo hiyo na maelezo yake, na kwamba huwafundisha wanaoanza siku moja kila juma. Mvivu hawezi kuyatimiza hayo, na hodari hataogopa. Madaftari nitayaleta mwenyewe mbele ya kamati.

Jambo la pili ni dogo. Siku ya kukutana kwetu, msikae chini ya mwembe mkiuliza kwanza kiwango cha kijana kabla ya kukubali kucheza naye. Kaeni mezani. Mkishindwa na mtoto wa Kidato cha Pili, hakuna atakayewanyang'anya vyeti vyenu. Naye ataona kwa macho yake mtu mzima akishindwa, akicheka, akimpa mkono, na kupanga vipande upya. Somo hilo mimi siwezi kulifundisha ubaoni.

Maswali

1. Mchezaji kijana wa 1600 amecheza na mtu wa 1800 akatoka sare. Kiwango chake kimekuwa ngapi?

2. Mwenzake wa 1600 amecheza michezo minne na watu wa 1400. Ameshinda mitatu na kushindwa mmoja. Kila mchezo uhesabiwe kwa 1600. Amepanda au ameshuka, na kwa alama ngapi?

3. Chagua mchezo mmoja ulioshindwa muhula huu. Uandike hatua zote, na utie alama mahali ulipoanza kuogopa.

Majibu ya swali la kwanza na la pili yabandikwe ubaoni Ijumaa. La tatu niletewe mkononi.